Mstari Ulionyooka

Jina silijui. Kwenye kichupa wameandika
tarakimu saba, na umri: miezi kumi na tisa.
Jicho la kushoto limeng'olewa Jumanne,
lile lililong'aa jeupe pichani, kama la paka,
bibi yake akadhani ni mshumaa wa keki.

Sasa wanauliza kama kuna kilichotoroka mapema.
Nina matone ya uboho, na maji ya uti wa mgongo,
safi kama mvua hii ya Birmingham
inayogonga dirisha tangu asubuhi.
Hadubini imetazama, haikuona kitu.
Lakini kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya mtoto huyu ni mifupa yake.

Basi naiachia mashine iukuze mnong'ono
mara mbili, na mbili tena, duru arobaini,
mpaka chembe iliyojibanza iseme kwa sauti.

Ghorofa ya nne, mstari ukinyooka watu hulia.
Huku chini ndio huo tunaouomba.

Duru ya thelathini. Umenyooka.
Thelathini na tano. Chai imepoa, Gwenllian kaenda zake.
Thelathini na nane: mmoja ukainua shingo
kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa.
Pacha wake kalala.
Uchafu wa kichupa? Au ndicho chenyewe?
Naandika: irudiwe Jumatatu.

Kwenye tramu ya saa mbili usiku
mtoto mwenye kiraka cha jicho, kimechorwa bata,
ananikazia lile moja.
Si yeye. Mji huu una watoto wengi.
Nashuka vituo viwili kabla ya kwangu.