Pima Maji

Miaka ishirini na sita nimejenga kuta za watu,
Muyeye, Maweni, hadi nyuma ya msikiti wa Shela,
na chombo nilichokiamini kuliko macho yangu
ni kile kibao chenye kichupa, na kiputo kimoja ndani.
Kiputo kikikaa kati ya mistari, ukuta umenyooka.
Kikikimbia pembeni, bomoa.

Leo Jumwa wa hifadhi,
aliyezaliwa mwaka niliomwaga zege kwa babake,
ananifunga mkanda wa risasi kiunoni,
koti la kujazwa hewa, mtungi mgongoni,
maana maboya yanataka mawe mapya chini
na anayejua zege hajui kuelea.
"Fundi," asema, "huko usishike kitu."
Mwashi asishike kitu!
Nilicheka, maji yakaingia kwenye miwani.

Mara ya kwanza nilizama kama tofali.
Nikabonyeza kitufe: kimya.
Nikabonyeza tena: kimya. Nikabonyeza kwa hasira,
ndipo hewa yote ikanijibu kwa pamoja
nikaruka juu kama kifuniko cha soda.
Maji husikia. Ila hayajibu papo hapo.

Mara ya pili nilitoa hewa kupita kiasi.
Goti likagusa tumbawe,
kikakatika kipande kidogo, kama jino la mtoto.
Jumwa hakunigombeza. Alikielekezea kidole,
kisha akanielekezea mimi.

Baba aliyavunja haya kwa mtaimbo,
akayaanika, mengine akayachoma chokaa.
Chumba nilichozaliwa kilikuwa bahari iliyokauka.
Sikujua kwamba jiwe hula.

Mara ya nne (ya tatu sitaisimulia),
mita tisa, tope la Sabaki halijafika, kweupe.
Niliviacha vitufe.
Nikavuta pumzi taratibu: kifua kikaninyanyua kiganja kimoja.
Nikaishusha: nikashuka kiganja kimoja.
Usiizuie, alikwisha kunikanya,
pumzi iliyozuiwa humpasua mwenyewe.
Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Huku kushuka si kazi, kupanda si kazi;
ngoma ni kukaa.

Shibiri moja chini ya tumbo langu
kikande alikuwa akiguguna mwamba,
hajui ana fundi juu yake badala ya dari.
Sikuegemea. Sikushika.
Mapezi yangu yametulia
kama viatu vya mgeni mlangoni.

Hapo nikakitambua kile kibao:
mstari wa juu mwanga, mstari wa chini matumbawe,
na katikati, kinatetemeka, kinakwenda kidogo, kinarudi,
kiputo chenye mkanda wa risasi.

Jumwa akakunja kidole cha shahada kwenye gumba: sawa?
Sawa, nikamjibu,
na kwa furaha ya kujibu nikavuta pumzi kubwa mno
nikaanza kupanda.
Nikacheka.
Kicheko kikatoka mapovu matupu,
kikanishusha.