Marka Mia na Arobaini

Zilikuwa marka mia na arobaini,
ujira wa mapazia ya hoteli moja ya Jajce,
nilizozificha ndani ya kopo la sindano
ambalo Enes halifungui, anaogopa kuchomwa.

Dukani kwa Rasim, kando ya daraja la Ključ,
ufito wa kwanza alionitolea ulimeta kama meno ya bwana harusi.
Mia sita na tisini.
Nikaupokea, nikautikisa kidogo, nikaurudisha taratibu
kama mtoto wa jirani aliyelala.
Wanasema rahisi huvunja upishi.
Mimi nimepika miaka thelathini kwa sufuria moja,
mpini wake waya,
na kwangu hajalala mtu na njaa.

Ndipo binti yake, Ajla, vidole vimeganda gundi,
akanivuta pembeni, kwenye vitu vya mitumba.
"Shangazi, kigurudumu ni ghala tu,
kinatunza mshipi, hakirushi kitu.
Samaki wa Sana hawasomi jina la kampuni.
Chukua hiki chenye mkwaruzo, ishirini na tano.
Na ufito huu, futi tisa, namba tano, vipande vinne;
mwenyewe alihamia Graz akauacha. Sitini.
Lakini mshipi," hapo akanikazia macho,
"kwenye mshipi usibane mkono.
Nzi hana uzito. Kinachorushwa ni mshipi,
yeye ni abiria."

Nikamwelewa kabla hajamaliza.
Watu husifu cherehani,
ila nguo hufumukia kwenye uzi.

Mshipi mpya, arobaini na mbili.
Uzi mwembamba wa kumalizia, saba.
Suruali ya mpira ilining'inia mlangoni, mtu asiye na kiwiliwili;
nikaiuliza bei kwa jicho tu, Ajla akacheka:
"Mwezi wa saba huu! Una magoti, yatumie."

Nzi sikununua.
Nina nyuzi za rangi zote zilizobaki kiwandani,
na Fikreta wa ghorofa ya chini ana jogoo wa shingo ya shaba
aliyenitafuta ugomvi tangu theluji iyeyuke.
Manyoya matatu, kwa malipo ya kupinda sketi.
Nzi wangu wa kwanza alifanana na kifungo kilichopigwa na radi.
Wa tano, nzi mgonjwa.
Wa tisa, Enes alimpiga kwa gazeti.

Siku sita nilijifunza kurusha
nyuma ya kiwanda cha viatu kilichofungwa, juu ya nyasi,
kipande cha sufu nyekundu mahali pa ndoana.
Nyuma. Ngoja. Mbele.
Kungoja ndiko kulikonishinda.
Mshipi hutaka nafasi ya kujinyoosha mgongoni mwako,
huko usikouona,
na mimi maisha yangu yote
nimekimbizana na tarehe za wateja.

Jumamosi maji ya Sana yaliniingia sokisini
baridi kama funguo.
Nzi mmoja nikampa mti.
Wa pili nikakivua kilemba changu mwenyewe.
Wa tatu, sijui mkono ulikumbuka nini,
akatua juu kidogo ya jiwe, kimya,
akateremka na mkondo kana kwamba hajafungwa popote.

Akapanda samaki mmoja, pezi la mgongo limesimama kama tanga dogo la karatasi.
Akamtazama nzi wangu
jinsi mteja anavyotazama pindo:
akalisogelea, akaligeuza kwa jicho,
akashuka zake.

Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi,
nikicheka peke yangu, mdomo wazi.

"Umeleta nini?" Enes akauliza jikoni.
Nikaweka mezani chenji yote, marka sita,
na sokisi zikidondosha mto sakafuni.
"Na samaki?"
"Anafikiria bei."