Maneno ya Nyuma ya Menyu

Kijana wa matangazo kaja na kompyuta yake,
kaketi jikoni juu ya kreti la soda.
Anataka historia ya mkahawa, maneno themanini,
yasizidi, maana ukurasa una picha.
"Mzee Marjani, mlianza vipi?"

Tulianza na pipa.
Pipa la lami. Tulilichoma siku mbili litoke harufu,
tukalipasua kwa urefu kama papai.
Wavu tuliutoa kwenye kitanda cha Kyomuhangi,
kitanda cha ndoa; mume alishahamia Kasese kwa mwingine.
Akasema, chuma ni chuma, kichome nyama.
Hilo usiliandike.

Andika Ruti, Mbarara, barabara ya kwenda Kabale.
Madereva wa malori walikula wamesimama,
injini zikinguruma, chumvi ndani ya kopo,
gonja moja, na kujifutia mikono kwenye suruali.
Mimi nilitoka Bombo na kisu cha baba
na Bismillahi yangu.

Andika Bihogo.
Huyo hatukumnunua. Alikuwa wa mama yake Kyomuhangi,
rangi ya kahawa iliyokolea,
akipita mlangoni pa zizi alilaza kichwa upande
kama mtu aliyebeba ngazi.
Asubuhi ile bibi alimsemesha kwa Kinyankole,
maneno mengi. Sikuyaelewa,
nikasimama na kisu nyuma ya mgongo hadi alipomaliza.
Nyama iliisha kabla ya alasiri.
Bibi, mpaka anazikwa, hakuonja chakula chetu.

Jokofu tulilipata mnadani, la hospitali ya misheni,
mlangoni bado lina kibandiko cha chanjo.
Umeme ulipokatika tuligawa nyama usiku huohuo,
watu wakatuita wakarimu.

Halafu Kololo. Benki ilishika hati ya shamba,
na nyama ikaanza kuwa na majina.
Sarara niliyokuwa nikiifunga kwenye gazeti
sasa inalazwa kwenye baridi siku ishirini na nane;
kwetu Bombo, ya siku nne tu ungeitwa kwa chifu.
Sahani kubwa, nyama katikati
kama mgeni asiyejua pa kukaa.
Mteja anaulizwa, iive kiasi gani?
Ruti hakuuliza mtu:
iliiva, au lori liliondoka.

Sikatai, ni tamu.
Nilijifunza uzeeni kwamba nyama nayo hungoja.

Entebbe ikafuata, kwa ajili ya watu wa ndege.
Kisha Jinja.
"Jinja?" kijana anauliza. "Sina Jinja hapa."
Miezi kumi na mmoja. Viti thelathini, wateja sita.
Mpishi wetu Kirunda tulimbakizia mishahara miwili,
akaondoka na mizani na aproni yake.
Nikikutana naye soko la Nakasero bado ananisalimu,
tena kwa mikono miwili, na hiyo ndiyo inaniuma.
Vidole vya kijana vimesimama.
"Jinja tuiruke, mzee."

Ijumaa tunafungua Gulu.
Ukutani wametundika pembe, zimepigwa rangi ya kung'aa,
wananiuliza kama ni za yule wa kwanza.
Sizo. Zile bibi alizichukua jioni ileile,
kila mkono pembe moja, akapanda nazo kilima.
Hakuna aliyemfuata.

Kijana amemaliza. Ananisomea:
"Kutoka mwanzo mdogo, kwa shauku ya ubora,
tumekua pamoja nanyi..."
Nasubiri pipa. Haliji.
Nasubiri Ruti. Haiji.

Kyomuhangi anaingia, funguo za matawi yote kiunoni,
anaisogeza skrini mbali na macho, anasoma, anarudia.
"Kitanda kiko wapi?"
Mimi nageukia jiwe la kunoa.
"Mama, maneno yamejaa, ni themanini kamili."
"Toa hiyo shauku," anasema,
"uweke kitanda."