Uzi Uliobaki

Osewe aliletwa kwa mkokoteni wa mbolea,
muundi umefungwa fulana ya mtu mwingine.
Panga lilikataa muwa, likachagua mguu.
Muhoroni siku hiyo ilinuka molasi
mpaka ndani ya chumba cha kushonea,
spiriti yenyewe ikasalimu amri.

Nikafungua kabati.
Katigati, pakiti mbili:
utumbo wa kondoo uliosokotwa,
uzi unaoyeyuka ukishamaliza kazi
kama mgeni asiyengoja kusindikizwa.
Huo ni wa ndani, si wa ngozi,
na nilikuwa nimewawekea waliojifungua.
Hariri nyeusi: muda wake ulipita Machi.
Sanduku la naironi
lilikuwa na risiti peke yake.

Basi nikamwandikia Kageha, mkewe, kikaratasi.
Akakimbia hadi duka la dawa nyuma ya stesheni,
akarudi na pakiti moja
na shilingi kumi za chenji kutoka mia tatu.
Aliniwekea mkononi
kama mtu anayekabidhi yai.

Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani, Kibuye.
Nguo ya maskini, alisema, ishone mara mbili,
haina mwenzake wa kuipokea zamu.
Na uzi usiuvute kwa hasira:
ukizidi kukaza, kitambaa kinakunja uso,
ukilegeza, kinapiga miayo.
Ngozi ni vivyo hivyo,
ila ngozi ukiibana sana hufa pembezoni.

Ganzi ilimshika Osewe mguu, haikumshika macho.
Alitazama kila kitu.
Zungusha mara mbili, kaza,
rudi mara moja kinyume, kaza, kata.
Kwenye fundo la nne akauliza: mbona mara mbili?
Nikamwambia, ule mzunguko wa pili
unaushikilia wa kwanza usiteleze
kabla sijarudi.
Akaguna.
Kuanzia la sita hakuuliza kitu,
midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Nane. Nikaweka mkasi chini.
"Daktari, kilichobaki ni cha nani?"

Miaka kumi na moja
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Kilichobaki kilikuwa urefu wa mkono,
buluu, kinaning'inia kwenye sindano yenye damu.
Kanuni zinasema sanduku la njano,
kisha tanuri, kisha moshi juu ya miembe ya hospitali.
Kageha alikuwa anatazama sakafu.

Sindano niliitupa.
Uzi niliuosha kwa spiriti, kwa maji, kwa spiriti tena,
nikauzungusha kwenye kipande cha katoni ya glovu.
Kwenye daftari sikuandika.

Siku ya kumi hakuja kutolewa nyuzi.
Wala ya kumi na tano.
Nilimlaumu kidogo, kimoyomoyo, nikinywa chai.
Wembe, nilijua.
Wakata miwa hutoana nyuzi wenyewe wakati wa mapumziko,
mmoja ameshika tochi ya simu,
mwingine anaapa mkono wake hautetemeki.

Mei, shule zilipofunguliwa,
tulikwenda kugawa dawa ya minyoo.
Msichana wa darasa la tatu akaweka mkoba wake
juu ya meza yangu ili apokee kikombe cha maji.
Kamba ya mkoba ilikuwa imekatika.
Ilikuwa imeshonwa.
Buluu.

Nilihesabu kumi na moja.
Mara mbili, kisha moja kinyume,
kila fundo limelala upande mmoja,
nafasi kati yao sawa kuliko zangu,
na miisho imeachwa mirefu kidogo
kama ninavyoiacha mimi,
nikitarajia mtu atarudi itolewe.

"Baba yako mguu unaendeleaje?"
"Anakata miwa," akasema Adongo,
kama niliyeuliza jambo la kipumbavu.

Alimeza kidonge, akakunja uso.
Kabla hajauchukua mkoba
niliivuta ile kamba, kwa nguvu,
kama ninavyoijaribu ngozi baada ya fundo la mwisho.

Ilishika.