Zamu ya Bwana Kettunen

Jumapili ya mwisho ya Machi, huku Oulu,
saa tisa usiku huruka ikawa saa kumi,
na lisaa lizima halionekani tena.
Hakuna aliyeliiba. Serikali imelikopa,
italirudisha Oktoba.

Mimi nilikuwa nimelala fofofo.
Programu yangu ilikuwa macho, na ndiyo iliyokosea.

Ni kitu kidogo, mistari mia sita.
Niliiandika majira ya baridi, nikiwa sina kazi,
igawe zamu za sauna kwa nyumba ishirini na tatu
za jengo letu la matofali ya njano.
Kabla yake palikuwa na daftari kwenye msumari
na kalamu iliyofungwa kwa uzi, haiandiki.
Majirani walinishukuru. Nikavimba kichwa.

Basi jioni ile Bwana Kettunen,
mstaafu wa kiwanda cha karatasi,
mwenye zamu ya saa kumi na mbili tangu jengo lipakwe rangi ya kwanza,
akasoma kwenye simu: saa moja.
Akatii.
Akashuka na taulo begani na ndoo yake ya mbao,
akafungua mlango
akawakuta akina Rautio, baba, mama,
na shangazi aliyetoka Kemi,
kama walivyozaliwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Huku hawapigi.
Shangazi alisogea kwenye benchi, akasema, "Kaa."

Mficha uchi hazai.
Na mimi wa programu yangu niliuficha miezi minne,
nikiijaribu kwa kubofya hapa, kubofya pale,
kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko
akaapa chumvi imekolea sufuria nzima.

Usiku ule nilikaa jikoni.
Theluji ilikuwa ikiporomoka paani, fungu kwa fungu.
Nikaandika jaribio langu la kwanza, nikaliita Zamu ya Kettunen:

Mtu ana saa kumi na mbili jioni, kila Jumapili.
Katikati ya wiki mbili, saa inarukishwa.
Jumapili inayofuata, ashuke saa ngapi?

Nikaliendesha. Likawaka jekundu.

Sijapata kufurahia kukosolewa namna ile.
Kilikuwa kidole kilichonyooshwa
hadi mstari wa mia mbili na kumi na nne,
pale nilipojumlisha saa mia moja sitini na nane
nikaziita wiki.
Wiki si saa. Wiki ni ahadi ya kurudi Jumapili.

Nikarekebisha. Kijani.

Nikanogewa. Nikaandika la aliyefuta zamu kisha akajuta,
la mwenye nukta mbili juu ya herufi ya jina lake,
la Februari ishirini na tisa.
Yote nikaikabidhi seva: nikigusa hata koma,
iyaendeshe yenyewe, mimi niwepo nisiwepo,
na likianguka moja, inifungie mlango.

Moja lilikaa kijani wiki tatu.
Ilta wa ghorofa ya nne, miaka kumi na mitano,
alikuja kuazima chaja, akachungulia begani kwangu.
"Hili linauliza nini?"
Nikalisoma. Nikalirudia.
Lilikuwa limetandika meza, limepanga sahani, limekaribisha wageni,
kisha halikuuliza chochote.
Lilifaulu kwa sababu halikufanya mtihani.
Ilta akachukua chaja, akaenda zake.

Oktoba lisaa likarudishwa, bila riba.
Niliamka asubuhi nikaangalia simu: hakuna lalamiko.
Bwana Kettunen hakuliona hilo.
Septemba alihamia Kuopio kwa binti yake, yeye na ndoo,
na saa yake kumi na mbili sasa ni ya wanafunzi wawili
wanaosahau kuzima taa.

Jina la jaribio sikulibadilisha.
Ndiyo maana kila nikisahihisha kitu,
mahali fulani ndani ya mashine nisiyoijua iliko,
Machi inafika tena, saa inaruka,
na mzee anashuka ngazi, taulo begani,
saa kumi na mbili kamili.
Anafungua mlango.
Ndani hamna mtu. Mawe yana moto.