Gereji ya Cicero

Saa tisa usiku. Theluji imegeuka tope.
Kubanychbek anarudisha lori kinyumenyume
ndani ya gereji ya Cicero, ubavuni mwa Chicago.
Davlatyor anachomoza chini ya lori jingine, spana mkononi.

Mimi karani wa zamu. Naandika:
Mkirgizi, breki. Mtajiki, fundi.
Bosi hapendi maneno marefu.

Kwao wamepakana. Bomba moja la maji,
na mwaka ule bomba lilipozaa risasi
shule aliyofundisha mama wa huyu iliungua,
mjomba wa yule hakurudi kutoka malishoni.
Nimeyaokota vipande vipande,
huyu akitoka kuvuta sigara, yule akinawa grisi.

Husemezana Kirusi,
lugha ya aliyechora mpaka akaenda zake:
koti la kuazima, linawabana wote kwapani.
Nalijua koti hilo. Langu lilishonwa London.

Leo simu zimeleta habari:
marais wamepeana mikono, mpaka umetiwa saini.
Hakuna aliyesema kitu.
Davlatyor kapiga goti, kalegeza nati.
Kubanychbek kamshikia tochi,
na mwanga ulikuwa ukitikisika, labda kwa baridi.

Baadaye akafungua kitambaa, mkate wa duara.
“Nan,” akasema.
“Non,” akajibu mwenzake, akimega
kwa vidole vyeusi vya mafuta.

Irabu moja tu.
Wakatafuna, hawatazamani.

Nikaandika daftarini: breki, bado.