Komwe za Eda

Bwana msemaji, mimi sitoki nje.
Niko Mchangamdogo, chumba cha uani,
kanga kuukuu, bila wanja, bila udi.
Kwa hiyo nauliza kutoka humu ndani,
na atakayekufikishia ni upepo au shemegi yangu Kheri,
yeyote atakayetangulia.

Jumatatu asubuhi nilipika.
Wali wa nazi, changu wa kupaka, na ndimu mbili,
maana Mjaka wali bila ndimu huuona adhabu.
Bakuli lilipokelewa getini, Wete, Chuo cha Mafunzo.
Mnapaita chuo.
Mume wangu alikuwa na miaka hamsini na sita,
alipelekwa akafundishwe kutotaja bei ya karafuu mbele za watu.
Askari akaandika daftarini: mwanafunzi amepokea.
Jumanne bakuli likarudi.
Limeoshwa. Limesuguliwa hata kwa jivu.

Jumatano ukasema redioni:
Mjuka Ngwali yuko salama, ana afya njema,
wananchi wapuuze maneno ya vijiweni.
Nikapuuza. Na mimi ni mwananchi.
Nikatuma mtoto dukani kwa ndimu nyingine.

Alhamisi ukasema amefariki Jumanne jioni, presha.
Ijumaa ukaomba radhi kwa usumbufu:
si Jumanne, ni Jumatatu kabla ya alfajiri,
si presha, aliteleza msalani,
na jina lisomeke Mjaka Ngwale.
Jumamosi hukusema kitu.
Simu yako ilisema haipatikani,
kwa sauti ya mwanamke, mwenye adabu kukushinda.

Karatasi ya hospitali ina tarehe iliyofutwa kwa wino mweupe.
Juu ya weupe ule hapakuandikwa tena.

Tulimzika Ijumaa usiku, kwa taa za simu.
Sabihi aliyemwosha alinawa mikono mpaka sabuni ikaisha,
akaondoka bila kunywa kahawa.
Sikumuuliza. Nilimwona mgongo.

Kesho yake Kheri alikwenda stesheni na elfu tatu mkononi,
tangazo la khitma, kama ilivyo desturi:
mtoto wa nani, ndugu wa nani, msikiti gani.
Kijana wa dirishani akasoma, akafungua faili, akarudisha pesa.
“Aliyekufa ni Ngwale,” akasema.
“Huyu Ngwali wenu, taarifa tuliyonayo inasema ana afya njema.”
Kheri kucha zake bado zilikuwa na udongo wa kaburi.
Akazificha mfukoni, ati yeye ndiye aliyeona haya.

Sasa sikiliza.
Mjaka ameniachia bao lake la mfenesi
na komwe sitini na nne ndani ya soksi.
Miezi minne ya mwandamo na siku kumi:
nimepiga hesabu, ni bao lote, mara mbili.
Kila magharibi natoa komwe moja, naitia shimoni.

Lakini nimeanza lini?
Ikiwa Jumatatu kabla ya alfajiri,
basi nilimkunia nazi maiti,
na nilisimama getini kwenu nimepaka wanja,
nikacheka na askari kwa kunisaidia bakuli,
siku ya kwanza ya eda yangu.
Ikiwa Jumanne jioni, basi ndimu aliila.
Ningependa aliila.
Au yupo aliyekula, akashiba, akaosha vyombo.

Sijakuuliza nani, wala vipi.
Hayo yana Mwenyewe, na yana siku yake.
Mimi nataka siku moja tu, ya kalenda,
uitamke mara moja, usiirudie kuisahihisha.

Hadi hapo nimepanga safu mbili,
ya Jumatatu na ya Jumanne.
Zinakwenda pamoja, moja imemtangulia mwenziwe hatua,
na kila magharibi, nikimaliza,
inabaki komwe kiganjani
haina shimo.